Vumbi kwenye Filamu

Sikuwa na shingo. Wenzangu waliligundua hilo kabla sijajitazama vizuri kwenye kioo. Sikuwa na kiuno, wala mkanda uliotoka dukani nikaweza kuuvaa bila kuutoboa tundu jingine kwa msumari. Sikuwa na kaka wala dada. Mungu hakutujalia mtoto, mimi na mke wangu. Sikuwa na elimu zaidi ya ile ya shule ya kijijini, ambako tulisoma siku moja na siku ya pili tukabaki mashambani, kwa kuwa viazi navyo vilitaka watu. Sikuwa na ulimi mwepesi wa kujibu nikitaniwa.

Rafiki ndiye sikumkosa.

Aliitwa Villads Kjeldgaard. Yeye alikuwa mwembamba kama ufito, mimi ndiye Gunner Brøndum, na mji mzima wa Skarvig ulituona tukipita ufukweni pamoja tangu tulipopata kipaimara. Yeye ndiye aliyenipa jina la Tishari, kwa sababu nilivyotembea nilifanana na tishari la mchanga linalovutwa polepole kwenye ghuba. Jina likanishika. Hata mchungaji aliwahi kuniita hivyo mazishini, akajiuma midomo.

Sikuchukia. Kwetu, kwenye rasi ya Jutland, mtu akitaniwa hucheka, na mwenye kutaniwa ndiye anayepaswa kucheka kwa sauti kuliko wote. Asiyecheka huambiwa anajiona. Ng'ombe haelemewi na nunduye, nami unene wangu niliubeba, nikabeba na jibini za kiwanda cha maziwa miaka yangu yote ya kazi, na kila majira ya baridi nikaenda shule ya jioni. Nilisoma Kijerumani, nikasoma hesabu za biashara, nikasoma nyota, nikasoma historia ya mifereji. Mke wangu, Ragnhild, alizoea kusema, "Baba, kichwa chako nacho kitanenepa."

Villads alifanya kazi ya kupiga picha za eksirei katika hospitali ndogo ya mji wetu. Niseme hapa jinsi alivyoipata, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Tulipokuwa vijana tulikwenda kuwinda bata kwenye matete. Villads aligeuka ghafla na bunduki yake, na marisau, zile punje za risasi, yakaniingia kwenye bega la kushoto. Alikuwa akisubiri jibu la kazi hospitalini. Alilia pale matopeni kama mtoto. Polisi wa kijiji alipokuja, nilimwambia ni bunduki yangu mwenyewe, kwamba niliteleza nikivuka uzio. Akaniandika mzembe. Watu walinicheka msimu mzima, nami nikacheka nao. Daktari alitoa marisau mengi, akaacha matano yaliyozama sana. Yapo hadi leo, yamejipanga kama upawa: manne kwenye mpini na moja pembeni. Ragnhild mwenyewe hakuwahi kujua ni bunduki ya nani. Alijua tu kwamba Villads na mimi ni marafiki, basi.

Baadaye mimi na Villads tulijenga kibanda cha kukaushia mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwa moshi, chini kabisa karibu na maji. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake.

Majira ya baridi ya mwaka ninaoueleza, kikohozi kilinishika, na theluji ilipoyeyuka hakikuondoka nayo. Ragnhild alitaka niende kwa daktari wetu. Villads alisema, "Ya nini kupanga foleni mwezi mzima? Njoo kwangu jioni watu wakishatoka. Nitakupiga picha, nitaiingiza kwenye mafungu ya daktari wa picha asubuhi, ataisoma bila hata kuuliza. Mimi nastaafu wiki ijayo, Tishari. Nitumie kabla sijaoza."

Nikaenda. Chumba kilikuwa na baridi. Nilivua shati, nikakumbatia lile kasha la filamu ukutani kama alivyoniambia. Kasha halikunitosha. Upande wa kushoto ukiingia, wa kulia unabaki nje. Alinisogeza, akanisogeza tena, nikasikia mikono yake ya baridi mgongoni.

"Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike."

Nikashikilia. Mashine ikanguruma.

"Mara moja tena," akasema. "Umetikisika."

Nikavaa shati akibadilisha filamu, nikavua tena. Mara ya tatu aliniangalia nikiwa nimesimama pale na tumbo langu kwenye chuma, kisha akasema, "Inatosha. Nenda nyumbani ukale."

Siku chache baadaye tulikutana kibandani. Alikuwa akipindua mikunga juu ya moshi, amenipa mgongo.

"Picha vipi?" nikauliza.

"Safi."

"Safi kabisa?"

"Mapafu yako ni ya farasi, bwana. Utanizika mimi, na jeneza langu utalibeba peke yako. Lete chumvi."

Nilileta chumvi. Usiku ule Ragnhild alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Daktari wetu sikwenda kumwona tena, ningekwenda kufanya nini? Kikohozi kilibaki, nami nikakizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Mvua za vuli zilipoanza, shule ya jioni ilitangaza masomo mapya, na mojawapo lilikuwa la Villads: jinsi mwili unavyopigwa picha. Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilijivuna, nisifiche. Rafiki yangu mwalimu! Ragnhild alioka keki ya siagi na sukari ya kahawia kwa ajili ya mapumziko ya kahawa, akaja nayo mwenyewe, akakaa nyuma na wanawake wenzake. Mimi nilikaa mbele, na daftari jipya.

Alifundisha vizuri. Mwalimu mzuri nampa haki yake hata akiwa nani. Alitufafanulia kwamba mionzi ni kama taa za gari kwenye ukungu wa ghuba. Mtu mwembamba ni ukungu mwembamba: taa inapenya, unaona barabara. Mtu mnene ni ukungu mzito. Mionzi mingi inamezwa njiani na haifiki kwenye filamu, na ile inayofika, sehemu kubwa imegongana na nyama ikatawanyika ovyo, kwa hiyo inaipaka filamu ukungu badala ya kuchora. Ukiongeza muda wa kupiga, mgonjwa anapumua, picha inatikisika. Dawa yake ipo, alisema. Unaweka mbele ya filamu wavu wa vipande vyembamba sana vya madini ya risasi, unaokamata ile mionzi iliyopotea njia. Unaongeza nguvu ya mashine. Na kama kifua hakienei, unapiga nusu yake, kisha nusu nyingine.

Niliandika yote hayo. Niliandika neno "wavu" nikalipigia mstari.

"Sasa tazameni," akasema. Alilaza filamu juu ya projekta, ukutani ikatokea picha ya msichana. Mbavu zake zilihesabika, na moyo ulining'inia katikati kama tunda la pea. Watu wakasema aaa.

Kisha akaweka nyingine. Ukuta ukawa mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Mbavu zilikuwa za kubahatisha tu, na upande wa kulia haukuwamo wote.

"Na huyu," akasema Villads, "jina lake silitaji, ni mheshimiwa mmoja mwenye ukubwa wa ghala la nafaka. Mimi nimepiga picha miaka mingi, lakini humu ndani ningeweza kuficha saa ya ukutani na hakuna daktari ambaye angeiona."

"Fichua na pendulamu yake inayoning'inia!" akapiga kelele Holger wa duka la rangi.

"Pendulamu ndiyo imezama kabisa," Villads akajibu.

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote, kama tulivyofundishwa, mpaka kikohozi kikanikamata nikalazimika kushika meza. Nilipoinua macho, yakiwa bado na machozi ya kucheka, nikaona juu, kwenye bega la kushoto, vidoti vitano. Nyama haikuweza kuvificha. Risasi huizuia mionzi yote, iwe kwa mnene au kwa mwembamba, na katika maziwa yale yote vidoti hivyo tu ndivyo vilivyokuwa na kingo kali. Manne kwenye mpini. Moja pembeni.

Bibi Asta, mwalimu mstaafu aliyekaa karibu nami, naye aliviona. "Villads, hivyo vidoti hapo juu ni nini?"

Villads aligeuka kuutazama ukuta. Nilikuwa nikimtazama yeye. Niliona mabega yake yakiinuka kidogo yakabaki hapo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Vumbi. Vumbi kwenye filamu."

Akaiondoa.

Sikumbuki kilichofuata kwenye ukuta. Wakati wa kahawa watu walisogea kwenye keki ya mke wangu, nikamfuata Villads kwenye baraza ya kutundikia makoti. Alijifanya anatafuta kitu mifukoni.

"Ile picha ni yangu," nikasema.

"Nilifunika jina lako. Nilibandika karatasi. Hakuna aliyejua."

"Uliniambia ni safi."

"Tishari, punguza sauti."

"Daktari alisema nini alipoisoma?"

Ndani nilisikia vijiko vikigonga vikombe.

"Villads. Alisema nini?"

"Alisema haisomeki. Alisema urudishwe, upigwe upya, nusu kwa nusu, na wavu."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulivyokuwa umesimama pale!" akasema, na sasa ni yeye aliyepaza sauti. "Umekumbatia kile kichuma, hukienei, unatetemeka kwa baridi. Nilikuvulisha shati mara tatu, bwana. Niliona haya kwa niaba yako. Nilijua nikikuambia urudi kwa sababu ya unene wako utaumia. Halafu ilikuwa wiki yangu ya mwisho, wale wa ofisini wameshapanga sherehe, wavu uko kwenye chumba kingine, ningeanza kueleza kwa nini nimempiga picha mtu asiye na karatasi ya daktari. Nikasema, kikohozi cha baridi kitapita chenyewe."

"Hakijapita."

"Nimesikia."

"Uliona haya kuniambia mimi, tukiwa wawili. Mbele ya darasa zima haya zako ulizitundika wapi, pamoja na koti?"

"Lakini watu wote walicheka," akasema. "Hata wewe ulicheka."

Nilirudi ndani, nikamshika Ragnhild mkono, nikamwambia tunaondoka. Aliacha sinia lake pale. Mwanamke wa kwetu haachi sinia lake kwa watu. Njiani, chini ya mvua, nilimweleza yote, na bunduki pia, na matete, na polisi.

Tulipofika mlangoni alisema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimkatia keki mtu aliyekupiga risasi."

"Hakukusudia."

"Ile ya kwanza hakukusudia," akasema.

Daktari wetu alituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Aalborg. Mpiga picha wa huko alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwenye haraka lakini si ya kukusukuma. Aliniangalia juu hadi chini kama fundi anavyoangalia kabati atakalolipitisha mlangoni.

"Baba, wewe ni mkubwa," akasema.

"Naambiwa."

"Basi tutapiga mbili, kushoto na kulia. Naweka wavu, naongeza nguvu. Pumzi utaishikilia kidogo zaidi ya wengine. Unaweza?"

"Naweza."

"Safi. Egemea, usiogope kulibana kasha, halivunjiki."

Ndivyo ilivyosemwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha yai, na sikufa kwa aibu. Nilipokuwa nafunga vifungo vya shati ndipo nilipoona uchungu wa kweli, maana hadi hapo nilikuwa nimeshika moyoni kijisababu kimoja cha kumtetea, kwamba labda neno lile ni gumu kumwambia mtu. Halikuwa gumu. Mgeni alilisema akiwa anatafuta kalamu yake.

Daktari wa kule alitundika filamu zangu mbili kwenye kisanduku cha taa, moja kando ya nyingine. Mbavu zangu nilizihesabu mwenyewe. Marisau yalikuwapo, yanang'aa. Na kwenye filamu ya pili, ya upande wa kulia, upande ule ambao kasha la Villads halikuutosha, kulikuwa na kivuli kama njugu.

"Hiki tutakitoa," akasema. "Tumekupangia Alhamisi ya wiki ijayo. Tukishafungua ndipo tutajua ni cha namna gani."

Ragnhild ndiye aliyeuliza. "Majira ya kuchipua, alipopigwa ile ya kwanza, kingeonekana?"

Daktari alizitazama filamu muda mrefu. "Siwezi kuapa, mama. Huenda kilikuwa kidogo sana. Huenda kilionekana. Ningependa kuwa na ile picha nilinganishe, lakini mmesema haisomeki."

"Haisomeki," nikasema.

Habari hazilali Skarvig. Kesho yake mchana pikipiki ya Villads ililia uani. Nilikuwa jikoni, mlango wa ukumbini uko wazi, kila neno nililisikia.

"Ragnhild, dada yangu, za hapa? Nimewaletea mikunga. Ya leo, bado ya moto."

"Samaki tunao."

"Sinia lako pia nimelirudisha."

"Liweke chini."

"Gunner yupo?"

"Yupo. Na wewe anajua upo, pikipiki yako inaamsha wafu."

Nilisubiri. Nitasema ukweli: nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti, niko tayari kuinuka. Kama angeuliza swali moja tu, lile ambalo hata mwenye duka la magazeti aliniuliza asubuhi ile akiwa ananirudishia chenji, ningetoka jikoni nikampa mkono. Nilimjua tangu utotoni. Nilikuwa natafuta sababu ya kuinuka.

"Nilitaka kujua," akasema Villads, "kama ana nia ya kunishtaki. Maana nina pensheni yangu, na ile filamu, kusema kweli, sikupaswa kuipeleka nyumbani."

Nadhani Ragnhild naye alikuwa akisubiri lile swali.

"Chukua mikunga yako, Villads," akasema.

"Si ungeionja tu..."

"Chukua."

Nilikiachia kiti.

Jioni Ragnhild alifuta meza, akaweka karatasi mbele yangu. "Waandikie wakubwa wa hospitali," akasema. "Waandikie kila kitu. Mwandiko wako ni mzuri, na shule ya jioni umeilipia."

Nilianza hivyo. Niliandika "Kwa Waheshimiwa" na sikuvuka hapo. Waheshimiwa hawakuwa wamenifanya kitu. Daktari wao alisema nirudishwe. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika hivi:

"Villads,

Hukuuliza, kwa hiyo nakuambia. Kimeonekana kivuli upande wa kulia, ambao hukuupiga. Watakitoa Alhamisi. Ni cha namna gani, hawajajua. Kama kilikuwapo ulipokuwa unageuza mikunga na kuniambia nilete chumvi, hilo hawatajua kamwe, wala mimi, wala wewe.

Sikushtaki. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa rafiki yako. Mara hii nanyamaza kwa kuwa nguvu nilizo nazo nazihitaji kwa ajili ya Alhamisi, sina za kukugawia.

Nataka kitu kimoja. Jumanne una darasa. Iweke tena ile filamu ukutani, kisha ndipo uirudishe hospitalini ulikoitoa. Mwambie Bibi Asta vile vidoti si vumbi. Mwambie ni vya nani na viliingiaje. Jina langu usilifunike. Unene wangu haujawahi kuwa siri, na kwa hilo hukuwa na la kunisitiria.

Ufunguo wa kibanda umo humu. Mikunga yote ni yako.

Gunner Brøndum."

Ragnhild aliisoma akiwa amesimama, akairudisha mezani. "Hukuandika 'wako'," akasema.

"Sikuandika."

Nilizungushia ufunguo kipande cha gazeti usitoboe bahasha. Ulikuwa umeshika harufu ya moshi, na vidole vyangu vikanuka hivyo hivyo. Nilikunja karatasi, nikailaza juu yake, nikalamba gundi, nikabana kwa kiganja hadi ikashika. Bahasha ilivimba katikati. Ragnhild akabandika stempu mbili kwa sababu ya uzito.

"Nipe niipeleke mimi," akasema. "Nje kuna upepo, na kifua chako hicho."

"Nitakwenda mwenyewe, mama."

Nilivaa koti. Sanduku jekundu la posta liko kwenye kona, baada ya kanisa, na nilisimama njiani mara kadhaa kukohoa. Mdomo wa sanduku ni mwembamba. Bahasha ilikwama kwa sababu ya ule ufunguo, ikanibidi niisukume kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ikapita, nikasikia chuma kikigonga chuma chini kabisa.